Mwongozo kamili wa kubadilisha kitambulisho cha taifa jijini Nairobi kikipotea, kikiharibika au kikiwa na maelezo yasiyo sahihi

Jijini Nairobi kitambulisho hupita katika mikono mingi kabla ya jua kutua. Mlinzi wa jengo la Upper Hill hukishika mpaka mgeni atoke, wakala wa M-Pesa hunakili nambari yake kabla ya kutoa pesa, na askari wa doria anaweza kukiitisha saa yoyote ya usiku. Si ajabu basi kwamba kadi nyingi hupotelea papa hapa mjini, na nyingine hubaki katika droo ya meza ya mapokezi mpaka mwenyewe akumbuke alikoiacha. Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye tayari amewahi kusajiliwa na sasa anahitaji kadi nyingine, iwe ya kwanza imepotea, imeharibika au ina maelezo yanayohitaji kurekebishwa.

Jambo moja linafaa kusemwa mapema. Ofisi ya usajili humtambua mwombaji kwa kumbukumbu alizoziacha siku aliyosajiliwa, yaani majina yake, nambari yake, mahali alikotoka na alama za vidole vyake, hata kama afisa aliye kaunta ni jirani yake wa miaka mingi. Karatasi zote atakazobeba zinapaswa kukubaliana na kumbukumbu hizo herufi kwa herufi, au zieleze kwa ushahidi kwa nini hazikubaliani. Anayelizingatia hilo tangu mwanzo hujiepusha na safari nyingi za kurudishwa nyumbani.

Kutambua aina ya ombi

Maombi haya yako ya aina nne, na kila moja lina stakabadhi zake. La kwanza ni la kadi iliyopotea au kuibwa, ambalo huhitaji abstrakti ya polisi, yaani hati inayoonyesha kwamba upotevu umeripotiwa kwao. La pili ni la kadi iliyoharibika, kwa mfano iliyovunjika, iliyofutika picha au iliyobanduka plastiki yake. Hapo abstrakti haina kazi, kwa kuwa kadi yenyewe ipo na itarudishwa kaunta. La tatu ni la kubadilisha maelezo, na ndilo gumu kuliko yote. La nne ni la kadi iliyofikia mwisho wa muda wake, ambalo kwa sasa halimgusi karibu mtu yeyote.

Hili la nne lielezwe vizuri, kwa maana uvumi juu yake ni mwingi. Kadi za kizazi cha pili, zile zilizoanza kutolewa mwaka 1995, hazina tarehe ya kuisha. Hakuna anayelazimika kuibadilisha kadi yake kwa sababu tu imezeeka, na yeyote anayekuambia kwenye simu kwamba kitambulisho chako kitafungwa usipolipa leo anakutapeli. Kadi mpya iitwayo Maisha Card, iliyoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2023, ina chipu na hudumu kwa miaka 10. Mpango huo ulisimamishwa na kuruhusiwa tena na mahakama zaidi ya mara moja kati ya Desemba 2023 na Agosti 2024, na huenda mkanganyiko uliopo mitaani ulianzia hapo. Ukiomba kadi nyingine sasa, tarajia kupewa hii yenye chipu, lakini nambari yako ya kitambulisho itabaki ile ile ya zamani. Kinachobadilika ni nambari ya mfululizo ya kadi, ambayo baadhi ya huduma huiuliza pamoja na nambari ya kitambulisho.

Wapo wanaoshauriwa na mabroka kwamba, ili kukwepa ada, mtu ajisajili upya kana kwamba hajawahi kuwa na kitambulisho. Ushauri huo ni wa kumtia mtu matatani. Alama za vidole hulinganishwa kwa kompyuta na zile zilizohifadhiwa, na kutoa maelezo ya uongo ili kupata kitambulisho ni kosa chini ya Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107.

Kadi ikipotea: hatua za kabla ya kwenda ofisini

Itafute kwanza mahali unapoiacha kwa mazoea. Yapitie kichwani majengo yote uliyoingia tangu ulipoishika kadi mara ya mwisho, kisha uyapigie simu au uyapitie, kwa maana walinzi wengi huzihifadhi kadi zilizosahauliwa wakizifunga kwa mpira kwenye fungu moja. Kama ulipanda matatu, ofisi ya sako ya njia hiyo huwa na kisanduku cha vitu vilivyookotwa. Uliza pia kwa chifu wa mtaa wako na katika kituo cha polisi kilicho karibu na mahali unapodhani iliangukia.

Wakati huo huo linda jina lako. Kadi iliyo mikononi mwa mtu mwingine inaweza kutumiwa kusajili laini ya simu, na laini hiyo ikatumiwa kukopa. Bonyeza *106# kwenye simu yako ili uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiona nambari usiyoijua, iripoti kwa kampuni ya simu papo hapo. Ijulishe benki yako. Baada ya muda kidogo, omba pia ripoti yako kutoka kwa mojawapo ya taasisi za kumbukumbu za mikopo, zile ambazo wengi huziita CRB. Ripoti moja kwa mwaka hutolewa bila malipo.

Baada ya hapo nenda ukaandikishe upotevu huo kwa polisi. Kituo chochote kinakubalika, na baadhi ya vituo vya Huduma Centre, vinavyotoa huduma nyingi za serikali mahali pamoja, vina meza ya polisi inayotoa abstrakti, hivyo mtu anaweza kuanza na kumaliza shughuli yake ndani ya jengo moja. Afisa ataandika taarifa katika kitabu cha matukio, atakupa nambari ya OB, yaani nambari ya taarifa yako katika kitabu hicho, kisha atajaza abstrakti na kuipiga muhuri.

Hapa usiwe na haraka. Abstrakti hujazwa kwa mkono mara nyingi, na afisa huandika anachosikia. Mwandikie jina lako kwenye kipande cha karatasi jinsi lilivyokuwa kwenye kadi, kwa mpangilio ule ule, badala ya kumtajia kwa mdomo, na uandike nambari ya kitambulisho kwa tarakimu zilizotenganishwa vizuri. Kabla ya kuondoka mezani isome abstrakti yote. Angalia kwamba aina ya stakabadhi iliyopotea imetajwa kuwa kitambulisho cha taifa, kwamba nambari haina tarakimu iliyorukwa, kwamba tarehe ni sahihi na kwamba muhuri unasomeka. Kama pochi nzima iliibwa ikiwa na leseni na kadi ya benki, omba vyote viorodheshwe hapo hapo ili usilazimike kurudi kwa kila kimoja.

Kama kadi iliibwa, sema iliibwa. Watu wengi husema imepotea kwa kuona kwamba maelezo yanakuwa mafupi, lakini taarifa ya wizi iliyoandikwa mapema ndiyo itakayokusaidia endapo kadi yako itaokotwa mahali palipotendeka uhalifu.

Na kama hukumbuki nambari yako, usikate tamaa. Nambari hiyo iko kwenye leseni ya udereva, kwenye pasipoti, kwenye akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mara nyingi kwenye mkataba wa kazi au wa nyumba. Mwenye busara huweka nakala ya pande zote mbili za kadi mahali salama nyumbani, kwa sababu upande wa nyuma wa kadi za kizazi cha pili una wilaya, tarafa, lokesheni na kata ndogo, maelezo ambayo fomu itayauliza na ambayo kijana aliyezaliwa na kukulia Umoja au Kayole huenda asiyajue bila kumpigia babu yake simu.

Kubadilisha maelezo

Kanuni ya msingi ni kwamba kila badiliko huhitaji karatasi iliyotolewa na mamlaka inayohusika na jambo hilo. Mwanamke anayetaka kuongeza jina la mume huleta cheti cha ndoa pamoja na kadi yake ya sasa. Anayetaka kuliondoa baada ya ndoa kuvunjika huleta hati ya mahakama ya kuvunja ndoa, na mjane huleta cheti cha kifo. Anayebadilisha jina lake kabisa hupitia kwa wakili, huandikisha hati ya kubadilisha jina, na badiliko hilo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Nakala ya tangazo hilo ndiyo anayoipeleka kwa msajili. Aliyehamisha makao na anataka lokesheni yake ibadilishwe ajiandae na barua ya chifu.

Tarehe ya kuzaliwa ni habari nyingine. Msajili ana kila sababu ya kumtilia shaka mtu mzima anayetaka kupunguza miaka yake, hasa anayekaribia kustaafu au anayetafuta kazi yenye ukomo wa umri. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa zamani, kinachokubaliana na vyeti vya shule, kina uzito kuliko cheti kilichochukuliwa mwezi uliopita kwa ajili ya ombi hilo hilo. Aliye na cheti kipya peke yake ajiandae kuulizwa maswali, na ayajibu kwa utulivu.

Makosa ya tahajia ndiyo mengi zaidi, na ndiyo yanayodharauliwa zaidi. Chukua jina Ng'ang'a. Kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa na ving'ong'o vyake viwili, kwenye kitambulisho karani akaandika Nganga, kwenye cheti cha KCSE kikabaki kimoja, na kwenye akaunti ya benki mfumo ukakataa alama hizo kabisa. Mwenye jina anajua yote manne ni yeye, lakini kompyuta inayolinganisha stakabadhi haijui. Vivyo hivyo kwa Mohamed, Mohammed na Muhammad, au kwa mtu ambaye jina la babu lilitangulia la baba kwenye karatasi moja na kufuata kwenye nyingine.

Maoni yangu ni kwamba kosa la aina hiyo lirekebishwe kwenye kitambulisho kabla ya kuomba pasipoti, kabla ya kununua kiwanja na kabla ya kujisajili popote pengine, kwa kuwa kila stakabadhi inayotolewa baada ya hapo hurithi kosa lile lile. Kwanza panga karatasi zako zote mezani, uone ni tahajia ipi inayoonekana katika nyingi, hasa zile za zamani. Kama kitambulisho ndicho pekee kinachotofautiana, kirekebishe. Kama vyote vinatofautiana, hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, itahitajika, na afadhali uchague tahajia ya cheti cha kuzaliwa.

Kwa maombi haya ya kubadilisha maelezo, ni vyema kuanzia kwa msajili wa watu wa kaunti ndogo unakoishi, ambako mtu anaweza kukaa nawe na kuyapitia makaratasi, kuliko kaunta yenye foleni ndefu ya mjini ambako afisa ana dakika chache tu kwa kila mtu.

Malipo

Ada ya kutolewa kadi nyingine iliwekwa kuwa shilingi 1,000 mwezi Machi 2024. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 100 kwa miaka mingi, na tangazo la Novemba 2023 lililotaka kuipandisha hadi shilingi 2,000 lilizua malalamiko mpaka likafika mahakamani. Malipo hufanywa kupitia eCitizen: unaingia kwenye akaunti yako, unachagua huduma ya usajili wa kitaifa na aina ya ombi, mfumo unatoa ankara, kisha unalipa kwa M-Pesa kwa nambari ya malipo 222222 ukiandika nambari ya ankara hiyo mahali pa akaunti. Asiye na simu yenye intaneti anaweza kusaidiwa kwenye saiba yoyote kwa ada ndogo, lakini nywila yake asiiache huko.

Malipo ya serikali hayapokelewi kwa pesa taslimu, wala hayatumwi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Atakayekuambia umtumie yeye ili akulipie ndani, awe amevaa beji au hajavaa, hana risiti ya kukupa. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa na uchapishe ankara iliyolipwa.

Siku ya kwenda

Nairobi ina vituo vya Huduma Centre katika jengo la GPO kwenye Kenyatta Avenue, City Square karibu na Haile Selassie Avenue, Makadara, Kibra na Eastleigh. Aliyepoteza kadi anaweza kuomba nyingine hapa hapa hata kama alisajiliwa Kisii au Kilifi. GPO ndiyo inayojulikana na wengi, kwa hiyo ndiyo inayojaa; mkaazi wa Buruburu au Jogoo Road atahudumiwa kwa urahisi zaidi Makadara. Epuka Jumatatu na siku inayofuata sikukuu. Epuka pia, ukiweza, miezi ya kuelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, wakati kila asiye na kadi atakapokumbuka kwamba mpiga kura hutakiwa kuja na kitambulisho halisi au pasipoti.

Mlangoni utapewa tiketi yenye nambari na kuelekezwa sehemu ya kukaa. Nambari yako itakapoitwa, toa abstrakti au kadi iliyoharibika, ankara iliyolipwa, nakala ya kadi ya zamani kama unayo, na stakabadhi za badiliko pamoja na nakala zake. Fomu ijazwe kwa herufi kubwa, na sahihi iwe ile utakayoweza kuirudia, kwa sababu itachapishwa kwenye kadi.

Kisha huja alama za vidole, hatua ambayo watu huichukulia kuwa ya kupita tu ilhali ndiyo inayothibitisha kwamba wewe ndiwe uliyesajiliwa. Vidole vyote 10 huchukuliwa. Fundi wa ujenzi, muosha nguo na mama anayemenya viazi siku nzima huwa na ngozi iliyosuguliwa mpaka mistari yake ikafifia, na alama zao huweza kukataliwa. Kama mikono yako ni ya kazi ngumu, ipake mafuta usiku kwa siku kadhaa kabla ya kwenda, na siku yenyewe inawe kwa sabuni na kuikausha vizuri. Hina iliyokolea kwenye ncha za vidole nayo huleta shida. Wanaojiandaa kwa harusi waende kabla ya kupakwa. Afisa atakushika kidole na kukizungusha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kazi yako ni kuulegeza mkono. Anayemsaidia kwa kukandamiza huharibu alama.

Kwa picha, vua kofia na miwani. Anayevaa hijabu aivae, mradi uso wote uonekane. Nguo yenye rangi iliyokolea hutoa picha inayosomeka vizuri kuliko nyeupe.

Kabla ya kuondoka, mwombe afisa akuonyeshe maelezo aliyoyaingiza. Huu ndio wakati rahisi kuliko wote wa kusahihisha herufi, kwa sababu baada ya kadi kuchapishwa itakubidi ufungue ombi jingine.

Wakati wa kusubiri

Utapewa karatasi ya kusubiria, ambayo Wanairobi wengi huiita tu waiting. Ipige picha siku hiyo hiyo, uiweke ndani ya plastiki, wala usiikunje mara mbili ukaitia mfuko wa nyuma. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba ombi lako limepokelewa, lakini si kitambulisho. Haitakuwezesha kupiga kura, na wakala wa M-Pesa ana haki ya kuikataa. Mwenye pasipoti aitembeze pasipoti kwa kipindi hicho. Asiye nayo atoe pesa kwa mashine ya benki badala ya kwa wakala, na asinunue tiketi ya treni ya Mombasa kabla ya kuuliza stesheni ni stakabadhi gani watakayoipokea, kwa kuwa abiria huulizwa kitambulisho kabla ya kupanda.

Panga mambo yako ukijua kwamba kadi inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mwenye mahojiano ya kazi, uhamisho wa kiwanja au safari ya ng'ambo mbele yake aanze mapema. Ujumbe mfupi hutumwa kwa simu uliyoiandika kwenye fomu kadi ikiwa tayari, hivyo andika laini unayoitumia kila siku. Kimya kikizidi, rudi na karatasi yako kwenye ofisi ile ile uliyoombea, si nyingine, kwa sababu kadi hupelekwa huko.

Kuchukua kadi

Nenda mwenyewe ukiwa na karatasi ya kusubiria. Isome kadi pande zote ukiwa bado umesimama kaunta: majina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, nambari. Ukiona kosa ambalo halimo kwenye fomu uliyoijaza, liseme pale pale kabla ya kutia sahihi ya kupokea, na uombe lirekodiwe kuwa kosa la uchapishaji. Usiiache kadi iliyo tayari ikae; serikali imelalamika mara nyingi kuhusu vitambulisho vinavyorundikana ofisini bila kuchukuliwa.

Ukifika nyumbani, chukua nakala ya pande zote mbili. Ipelekee benki yako nakala hiyo, hasa kama jina limebadilika, kisha ubadilishe jina hilo pia kwa mamlaka ya ushuru, KRA, kwenye leseni na kwenye usajili wa bima ya afya ya SHA, kwa mpangilio huo. Na ikitokea mlinzi wa jengo fulani akapiga simu miezi mitatu baadaye kusema kadi yako ya zamani ameipata chini ya meza, nenda ukaichukue, kisha uirudishe kwa msajili. Usibaki na kadi mbili zenye nambari moja.